Macho, Mikono na Mali Kauli: Majibu kwa Barua za Wasomaji

Barua za mwezi huu zimekuja na swali moja lililovaa nguo tofauti: wasomaji wanataka kujua miili yao inasema nini wanapokuwa kazini, na miili ya wateja, mabosi na wadeni wao inawaambia nini. Nimechagua sita. Majina nimeyaweka kando, kwa kuwa walioandika bado wanakutana na mabosi na wateja haohao kila asubuhi, na baadhi ya barua nimezifupisha bila kugusa maana.

Shikamoo mama. Mimi ni binti wa miaka 26, nimezaliwa na kukulia Lindi, na sasa ni afisa mauzo katika kampuni ya vifaa vya ofisi hapa Dar es Salaam. Nyumbani tulifundishwa kwamba mtoto hamkodolei mkubwa macho anapozungumza naye, na anayefanya hivyo huitwa mwenye macho makavu. Mwezi uliopita tuliletewa mkufunzi aliyetueleza kwamba asilimia 55 ya mawasiliano ni mwili, 38 ni sauti, na maneno ni 7 tu, hivyo tumtazame mteja machoni muda wote. Baada ya semina bosi wangu akaandika katika tathmini yangu ya mwaka kwamba sijiamini kwa sababu huangalia chini. Nimejaribu kuwakazia macho wateja, na mzee mmoja mwenye duka Kisutu akaniuliza kama nina ugomvi naye. Nifanye nini?
*Binti wa Mbagala*

Marahaba, binti yangu. Kabla ya kufika kwenye macho yako tuzungumze kuhusu hizo namba, kwa sababu zimetembea semina nyingi za mjini hapa kuliko wakufunzi wenyewe. Zinatoka kwa Albert Mehrabian, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, ambaye mwaka 1967 alichapisha pamoja na wenzake tafiti mbili ndogo. Katika mmoja, watu walisikilizishwa neno mojamoja lililotamkwa kwa sauti ya upendo, ya kawaida au ya chuki. Katika mwingine, sauti iliambatanishwa na picha za nyuso. Swali lilikuwa finyu: neno, sauti na uso vikipingana, msikilizaji atafuata kipi anapokisia kama msemaji anapendezwa au anachukizwa? Hapo ndipo zilipopatikana hizo 7, 38 na 55, na Mehrabian mwenyewe ameeleza kwamba hesabu hiyo inahusu mazungumzo ya hisia na mtazamo wa mtu, wala haihusu mawasiliano yote.

Tazama biashara ya Kariakoo inavyokwenda. Mwenye duka wa Mwanza anapiga simu asubuhi, anauliza bei ya jumla, anapunguziwa kidogo, anatuma pesa kwa simu, na jioni mzigo wake unapandishwa basi. Uso wa muuzaji hakuuona, mikono yake hakuiona, na pengine wamefanya kazi pamoja miaka mitatu bila kukutana. Kilichobeba biashara hiyo ni maneno: idadi, bei, rangi, siku ya kufika. Kwa hiyo usiyadharau maneno yako. Afisa mauzo anayejua muda wa dhamana ya mashine anayoiuza, na anayejua katriji yake inatoa kurasa ngapi, amekwenda kwa mteja akiwa na silaha bora kuliko yule aliyekwenda na macho peke yake.

Sasa hayo macho. Ulichofundishwa Lindi hakina kasoro. Kuinamisha macho mbele ya mkubwa ni sehemu ya salamu, kama ilivyo shikamoo yenyewe, na mzee wa Kisutu alipokuuliza kama una ugomvi naye alikuwa akikusoma kwa herufi alizofundishwa na mama yake. Bosi wako naye anasoma kwa herufi za semina. Kosa la mkufunzi ni kuwapa kanuni moja kwa watu wote, kana kwamba mnunuzi wa shirika la kimataifa kule Masaki na mzee aliyefungua duka lake kabla hujazaliwa wanataka kutazamwa kwa namna moja.

Nikushauri hivi. Salamu itoe ulivyolelewa, macho yakiwa chini na mwili ukiinama kidogo, wala usiifupishe, kwa sababu mzee anayeulizwa habari za nyumbani na za afya kabla ya habari za biashara huona kwamba amepewa nafasi yake. Mkishakaa na mazungumzo yakaingia kwenye mzigo, weka karatasi ya bei mezani, nawe ukae kwenye kona ya meza badala ya kukabiliana naye, ili macho yenu wote wawili yapate mahali pa kutua. Kuna sehemu moja tu ambapo nataka uyainue: unapotaja bei. Nimewaona maafisa mauzo wengi, wa kike kwa wa kiume, wanaoeleza sifa za bidhaa vizuri kabisa, lakini wakifika kwenye bei sauti inazama, macho yanakimbilia kwenye viatu, na mkono unaanza kukuna shingo. Mnunuzi wa Dar es Salaam akiona macho yanashuka wakati wa bei, anajua kwamba na bei nayo itashuka. Taja namba, mtazame mteja kwa muda wa kuvuta pumzi moja, halafu nyamaza. Usiongeze "lakini tunaweza kuongea", maana hapo umeshajipunguzia mwenyewe kabla hujaombwa.

Kwa bosi wako usiende na malalamiko. Mwombe akutajie ni mbele ya mteja yupi, siku gani, na ni kitu gani hasa alichokiona, kwa kuwa "hajiamini" ni hukumu, na unachohitaji wewe ni ushahidi. Nasema hivi kwa sababu hukumu ya aina hiyo iliwahi kunipata. Zamani, nikiuza nafasi za matangazo ya gazeti, niliingia katika ofisi moja kubwa ya Posta mwezi wa Februari, saa nane mchana, baada ya kutembea kwa miguu kutoka Kisutu. Blauzi ilikuwa imeloa mgongo mzima. Kiti nilichopewa kilikuwa chini ya kiyoyozi, upepo wake ukinipiga palepale penye jasho, nami nikakunja mikono kifuani na kuibana kwa baridi muda wote wa kikao. Tangazo nilikosa. Wiki mbili baadaye karani wa ofisi ile akaninong'oneza kwamba mkubwa wake aliniona ni mtu wa kiburi, aliyekuja "amejifunga". Vitabu vingi vya fani hii husema kwamba mikono iliyokunjwa ni moyo uliofungwa. Wangeongeza mstari mmoja kuhusu viyoyozi. Tangu siku ile mkoba wangu haukosi mtandio.

Dada, salaam. Mimi ni wakala wa forodha, na kwa kazi zangu za bandarini hukutana na wageni wa mataifa mengi. Nina mteja kutoka Ulaya ambaye kila ninapozungumza naye hurudi nyuma hatua moja, nami nikimsogelea anarudi tena, mpaka juzi tulianzia mlangoni tukamalizia dirishani. Wiki hiyohiyo nilimpa mkono mama mmoja mfanyabiashara kutoka Zanzibar, naye akaweka mkono wake kifuani akatabasamu, wangu ukabaki hewani. Je, nimewakosea?
*Wakala, Kurasini*

Kaka, sidhani kama yeyote kati yao amekuwekea kinyongo. Edward Hall, mwanaanthropolojia wa Marekani, alieleza mwaka 1966 kwamba kila mtu hutembea na mipaka isiyoonekana. Kwa Wamarekani aliowachunguza, hasa wa kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo, mazungumzo ya watu wanaojuana yalikaa kati ya sentimita 45 na mita 1.2, na yale ya kikazi yalianzia hapo hadi kama mita 3.6; naye alitahadharisha kwamba vipimo hivyo si vya binadamu wote. Kwa sisi tuliozoea kusimama ndani ya daladala la Gongo la Mboto saa kumi na mbili asubuhi, sentimita 45 ni anasa. Mgeni wako akirudi nyuma, mwache arudi na usimfuate: pale anapotulia ndipo penye mpaka wake. Vilevile mkono wake uuachie mapema, kwa maana ule mtindo wetu wa kuushikilia mkono wa mtu mpaka habari za watoto ziishe humtatiza asiyeuzoea, ingawa mteja wa hapa nyumbani ukimwachia haraka mno ataona unamkimbia.

Kuhusu yule mama, Waislamu wengi, wanawake kwa wanaume, hawapeani mikono na mtu wa jinsia nyingine asiyekuwa maharimu wao, yaani ndugu wa karibu wasiyeweza kuoana naye. Subiri mwanamke atangulize mkono. Asipoutanguliza, weka wako kifuani kama alivyofanya yeye, na hata ukiwa umeshautoa, upeleke kifuani taratibu kana kwamba ndiko ulikokuwa unaelekea, kisha uendelee na habari za kontena.

Mwanangu, habari za kazi. Nauza vipuri vya magari, na sehemu kubwa ya biashara yangu ni mali kauli: mtu anachukua mzigo leo, analipa akishauza. Nimeumizwa mara nyingi. Kijana wangu amenionesha video zinazofundisha kumtambua mwongo kwa kutazama macho yake yanakoelekea, namna anavyogusa pua, na jasho. Njia hizi ni za kweli? Na kama ni za kweli, mbona mdeni aliyeniumiza kuliko wote alikuwa akinitazama machoni bila kupepesa?
*Mzee wa vipuri, Gerezani*

Shikamoo mzee wangu. Jibu umelitoa mwenyewe katika sentensi yako ya mwisho. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Charles Bond na Bella DePaulo, waliunganisha matokeo ya tafiti zaidi ya 200 na kukuta kwamba watu wanaojaribu kumtenga mkweli na mwongo kwa kumtazama na kumsikiliza tu hupatia, kwa wastani, mara 54 katika 100. Ukirusha shilingi hewani utapatia mara 50. Tena imani kwamba mwongo hukwepesha macho imeenea karibu dunia nzima, na mwongo anayeijua kazi yake anaifahamu vilevile, ndiyo sababu ya kukutazama bila kupepesa. Ama kuhusu jasho, mzee wangu, Gerezani mwezi wa Januari linamtoka hata aliyekuja kulipa.

Hatari kubwa zaidi iko upande wa pili. Mtu mwenye shida hufanana sana na mwongo: anagugumia, anafuta uso, anatazama mlangoni, anasahau alichokuwa akisema, na kumbe ana mgonjwa nyumbani. Ukimnyima mzigo kwa dalili hizo umempoteza mlipaji, na mzigo huohuo utampa yule mwenye uso mkavu aliyekuja amejiandaa.

Acha uso, shughulika na majibu. Muulize mambo ambayo mwenye biashara ya kweli huyajibu bila kujifikiria: fremu yake iko mtaa gani na jirani yake wa kushoto anauza nini, kodi anailipa kwa miezi mingapi, brekipedi za gari gani ndizo zinazotoka zaidi kwake, mzigo wa mwisho aliuchukua kwa nani. Mwagizie chai, mazungumzo yaende kwenye mpira au mvua, kisha baadaye rudi kwenye swali mojawapo kwa kupitia mlango mwingine. Mara nyingi anayeeleza jambo alilolifanya huongeza kitu kipya, na aliyekariri hurudia yaleyale au hujikwaa. Hii nayo si dawa ya uhakika, lakini angalau inakuachia kitu cha kuthibitisha, kwa sababu jirani wa fremu unaweza kumpigia simu.

Halafu andika. Najua kwamba mali kauli imepata jina lake kutokana na kauli, na kwamba watu wengi wa rika lako huona karatasi ni dalili ya kutoaminiana. Mwambie mteja kwamba unaandika ili wewe usisahau, kwa sababu ya umri. Hapo utakuwa umeibeba aibu upande wako naye hatakuwa na la kununa. Karatasi moja yenye orodha ya mzigo, thamani yake, tarehe ya kulipa, saini zenu wawili na ya shahidi inatosha kuanzia, na ukiongeza nakala ya kitambulisho cha NIDA na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa anakoishi, ni bora zaidi. Mzigo wa kwanza uwe mdogo. Wa pili uupime kwa kutazama tarehe aliyolipa wa kwanza, na siyo kwa maelezo ya kwa nini alichelewa. Nimeona watu wenye maneno mengi wakaishiwa ghafla walipokabidhiwa kalamu, na hiyo ndiyo lugha ya mwili pekee ambayo ningekushauri uitilie maanani.

Dada, natengeneza sabuni za maji na za mche, na mwaka huu nimepata tena nafasi kwenye banda la pamoja katika maonesho ya Sabasaba. Mwaka jana nilikaa siku zote za maonesho, watu wakapita, wakaangalia, wakaondoka. Jirani yangu mwenye sabuni kama zangu aliuza. Nilikosea wapi?
*Mama Sabuni, Kimara*

Mwenzangu, umeandika "nilikaa", nami naona ulikaa kweli. Viwanja vile vya barabara ya Kilwa hujaa watu mwishoni mwa Juni na siku za mwanzo za Julai, wengi wao wakiwa wametoka na watoto kutembea, na mtu anayetembea hasimami mbele ya muuzaji aliyekaa nyuma ya meza ameinamia simu, kwa kuwa anaona atamsumbua. Simama, lakini usisimame katikati ya meza kama askari wa zamu. Kaa upande mmoja, mwili ukielekea kule wanakotokea watu, na mikono iwe na kazi ya kufanya.

Weka beseni, jagi la maji na taulo safi mbele ya meza. Mama akipita na mtoto mwenye mikono inayonata aiskrimu, mwambie "karibu umnawishe mtoto, dada", wala usiseme neno jingine. Povu litaonekana, harufu itasikika, na ngozi ya mtoto ikishakauka mama ataishika mwenyewe aone imebaki laini au imekakamaa. Bei isubiri taulo. Unapowaita watu tumia sauti unayoitumia nyumbani kumkaribisha mgeni, kwa maana ile ya wapiga debe inafaa kwa basi linaloondoka. Na chakula chako ukile nyuma ya banda, kwa kupokezana na msaidizi wako. Hakuna mteja anayependa kumkatiza mtu akiwa na tonge mkononi.

Mama mshauri, wiki ijayo nina usaili wa kazi. Rafiki yangu ameniambia niingie chooni kabla ya kuitwa, nisimame dakika mbili nimetanua miguu na kushika kiuno, eti homoni za kujiamini hupanda. Ni kweli?
*Mhitimu, Ubungo*

Dakika mbili hizo hazitakudhuru, isipokuwa kama nje kuna foleni. Dai hilo lilitokana na utafiti wa mwaka 2010 wa Dana Carney, Amy Cuddy na Andy Yap, uliofanywa kwa watu 42 tu. Mwaka 2015 Eva Ranehill na wenzake waliurudia kwa watu 200: washiriki walisema wanajisikia wenye nguvu zaidi, lakini homoni zao hazikuonesha badiliko, na mwaka 2016 Carney mwenyewe akatangaza hadharani kwamba haamini tena kuwa athari hizo ni za kweli. Dakika zako zitumie kukumbuka mambo mawili au matatu uliyowahi kuyafanya kwa mikono yako, hata kama ni kusimamia michango ya mahafali: tatizo lilikuwa nini, ulifanya nini, mwisho wake ukawaje. Ukishaingia, wanajopo waliokuzidi umri wape shikamoo, usikunje nne, na simu ibaki mfukoni ikiwa imezimwa.

Shikamoo mama. Mimi ni fundi seremala wa Keko, nina karakana na vijana wanne. Hoteli moja imeniita nikaeleze kazi yangu mbele ya watu wao wa manunuzi, kwa ajili ya vitanda na makabati ya vyumba 30. Kazi naijua. Lakini nikisimama mbele ya watu wa ofisini sauti inatetemeka, mikono sijui niiweke wapi, na Kiingereza changu ni cha kuungaunga. Mahali pengine nilipokwenda kabla ya hapa waliniambia "sawa fundi, tutakupigia", na simu haikupigwa. Nimebakiwa na siku kumi.
*Fundi, Keko*

Marahaba, fundi. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu inatoka kwa mtu anayelijua jambo lake na anayekaribia kulipoteza kwa kukosa pa kuweka mikono.

Hiyo mikono tuimalize kwanza. Usiende mitupu. Beba droo moja uliyoitengeneza mwenyewe, nje ikiwa imepigwa vanishi na ndani ikiwa imeachwa mbao tupu, ili waone ulichotumia. Ukiishika, mikono itajua pa kwenda, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake ya kila siku. Waoneshe kona zinavyoshikana bila msumari, igeuze chini juu, kisha umkabidhi aliye karibu nawe aipitishe kwa wenzake. Mtu anayepapasa kona ya droo kwa kidole hatazami tena kama fundi anatetemeka, na swali atakalouliza litakuwa juu ya mbao, mahali ambapo wewe ndiye mwenyeji.

Sauti hutetemeka kwa sababu mwili umeipokea kamati kama hatari: moyo unakwenda mbio, pumzi inakuwa fupi na ya juu kifuani, koo linabana. Moyo huwezi kuuamuru, lakini pumzi unaiamuru. Ukiwa kwenye kiti cha kusubiri, vuta hewa kwa hesabu ya nne na uitoe kwa hesabu ya sita au saba, mara kadhaa, bila kuonesha kwamba unafanya lolote. Sentensi ya kwanza ikariri neno kwa neno, kwa kuwa ndiyo inayotetemesha kuliko zote, na iwe fupi: "Mimi ni seremala, karakana yangu iko Keko, na nimekuja na droo moja ili mwione kazi kabla ya maneno." Ukishaivuka hiyo, zilizobaki zitafuata.

Siku kumi zinatosha ukizitumia zote. Kila jioni mashine zikishazimwa, wakalishe vijana wako kwenye rundo la mbao uwaeleze kana kwamba wao ndio kamati: kwa nini mninga au mtiki na siyo msonobari, mbao imekaushwa kwa muda gani, kabati likipata unyevunyevu wa baharini mlango wake utafanya nini, na kasoro ikijitokeza baada ya miezi sita nani atabeba gharama. Waambie waulize maswali ya kuudhi, kwa sababu vijana wa karakana wanakujua udhaifu wako kuliko kamati yoyote. Jirekodi kwa simu. Utaichukia sauti yako, na hilo humpata karibu kila mtu, kwa kuwa siku zote unaisikia pia kupitia mifupa ya kichwa chako, ilhali simu inakurudishia ile tu inayopita hewani, ambayo ndiyo wengine wote wanayoijua. Usiihukumu, hesabu tu umesema "yaani" mara ngapi, na uangalie kama kesho yake zimepungua.

Baadaye, ukitaka kulifanyia jambo hili kazi ya muda mrefu, hapa Dar es Salaam kuna vilabu vya Toastmasters, chama kilichoanzishwa na Ralph Smedley mwaka 1924 huko Santa Ana, California, ambacho wanachama wake hupokezana kuhutubia, mmoja akishika saa na mwingine akihesabu kila "aa" na "mm" inayomtoka msemaji. Mgeni hukaribishwa kutazama kabla ya kujiunga. Mikutano yao mara nyingi huwa ya Kiingereza, hivyo utakuwa unajifunza mambo mawili kwa nauli moja.

Lakini kwa hoteli hii zungumza Kiswahili. Lisemee mwanzoni bila kuomba radhi: "Nitaeleza kwa Kiswahili ili nisikosee vipimo." Nimekaa vikao vingi ambavyo watu saba, wote wa hapahapa, waliteseka saa nzima kwa Kiingereza kwa sababu hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kukiacha, na nakuhakikishia kwamba katika meza ile kuna atakayekushukuru kimoyomoyo. Maneno ya kiufundi ya kwenye profoma, ile karatasi ya makadirio ya bei, yaache kama yalivyozoeleka.

Limebaki lile la "tutakupigia". Katika mji huu watu wanaona vibaya kumtazama mtu usoni na kumwambia hapana. Watasema "wazo zuri", watasema "tutaangalia", watasema "tuwasiliane wiki ijayo", na aliyedhani amesikia "ndiyo" atakaa na simu mkononi mpaka achoke. Hiyo ni adabu na mimi siichukii, kwa kuwa nami huitumia, lakini usiondoke na adabu peke yake. Kabla hujaaga uliza kwa upole maswali mawili yenye tarehe ndani yake: kamati itakaa lini kuamua, na sampuli za rangi uzilete Alhamisi kwa nani. Anayeitaka kazi yako atakutajia siku au jina. Asipokutajia, washukuru wote, kuanzia mkubwa wao hadi aliyekuletea maji, chukua droo yako, na Jumatatu inayofuata mpelekee profoma mtu mwingine. Hakikisha tu kwamba imeandikwa wazi kama bei ni pamoja na usafiri kutoka Keko na kufunga makabati vyumbani, kwa sababu watu wa manunuzi hupenda kuuliza hilo mwishoni, wakati umeshasimama na mkono mmoja uko kwenye kitasa cha mlango.